Je, Tupokee Fedha za Nje Kuokoa Kanda za Taarab ya Babu Zetu?

SWALI

"Mimi ni katibu wa kikundi cha taarab hapa Tanga, kilichoanzishwa na babu zetu mwishoni mwa miaka ya 1950. Siku hizi tunaalikwa harusi chache tu kwa mwaka. Katika nyumba ya marehemu mwenyekiti wetu tumekuta kanda za rili zipatazo thelathini, za miaka ya 1960 na 1970, pamoja na madaftari manne ya mashairi, mengine yakiwa kwa hati za Kiarabu. Wazee wanaozijua nyimbo hizo kwa ghibu wamebaki wawili. Mwaka huu alikuja mtafiti kutoka Ulaya, akasema lipo shirika la kimataifa linaloweza kulipia uhifadhi wake, na akashauri tumkabidhi kanda azipeleke kwao zikasafishwe. Kamati imegawanyika. Vijana wanataka tukubali upesi. Mzee mmoja anasema mtegemea cha nduguye hufa maskini, kwamba tukizipokea fedha hizo nyimbo hazitakuwa zetu tena, na kwamba kazi hiyo ni ya serikali. Wengine wanasema tungoje UNESCO iitambue taarab, fedha zitakuja zenyewe. Wakati huohuo mpwa wangu amepata rekoda ya zamani na ameanza kuzicheza ili azinakili kwa simu. Analalamika kwamba rekoda inapiga kelele na kuacha unga wa kahawia. Je, ni haki mashirika ya nje yalipie urithi wetu? Na sisi tufanye nini?"

JIBU

Ndugu Katibu,

Nianze na mpwa wako, maana jambo lake haliwezi kungoja kikao cha kamati. Tafadhali mwombe leo hii aache kuzicheza kanda hizo. Nia yake ni njema, na bidii yake mtaihitaji sana baadaye, lakini unga wa kahawia anaoupangusa kwenye rekoda si vumbi la kabatini. Kanda ya rili ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa madini ya chuma kwa gundi, na sauti imehifadhiwa ndani ya unga huo kwa nguvu ya sumaku. Gundi iliyotumika katika kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga unaijua. Baada ya miaka mingi gundi hulainika na kunata, utepe hukwaruza unapopita kwenye kichwa cha rekoda, na unga hubanduka. Kinachobaki kwenye kitambaa chake ni sehemu ya fidla au ya sauti ya mwimbaji ambayo haitarudi. Kanda za zamani zaidi, hasa zilizotengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki ya zamani, zina maradhi mengine: zinapoanza kuoza hutoa harufu ya siki, hujikunja na kukatika. Mkiikuta kanda yenye harufu hiyo, itengeni na nyingine.

Kwa sasa zisimamisheni wima ndani ya maboksi yake, mahali pakavu penye kivuli, mbali na ukuta unaovuta maji na mbali na spika, kwa sababu spika ina sumaku. Kila boksi lipewe namba na lipigwe picha pande zote. Maandishi ya kalamu yaliyofifia juu ya boksi mara nyingi ndiyo ushahidi pekee wa tarehe, jina la mwimbaji na jina la mtunzi, na ndiyo ya kwanza kupotea boksi likilowa.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Ninavyowasikia, kamati yenu inabishania mambo matatu yaliyofungwa pamoja: kama ni haki fedha zitoke nje, kama zitakuja bila ninyi kuhangaika, na kama zikija zitawanyang'anya mali yenu. La kwanza jibu langu ni ndiyo, ni haki. La pili ni hapana. La tatu linategemea karatasi mtakayoitia saini, na hapo mzee wenu anastahili kusikilizwa kuliko mnavyomsikiliza sasa.

Nasema ni haki kwanza kwa sababu taarab haijapata kuishi bila mfadhili. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyemgharamia Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza muziki na kupiga ganuni, ala ya nyuzi nyingi. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja, ilipoundwa mwaka 1905, wanachama wenyewe ndio waliobeba gharama, na baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ikawa mlezi wa vikundi vya Zanzibar. Na kila usiku wa harusi mlezi mkuu amekuwa yule mama anayeinuka kitini beti linapomgusa, akaenda kwa maringo mpaka mbele ya mwimbaji na kumtunza noti huku ukumbi mzima ukimtazama. Kwa hiyo fedha kutoka kwa mtu asiye mpigaji si jambo geni katika sanaa hii. La kuuliza ni mfadhili anataka nini kwa fedha yake, na atakaa kwa muda gani.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na ningependa mzee wenu aisikie. Sehemu kubwa ya sauti za watu wetu iko nje tayari. Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarab wa Unguja, aliporekodiwa mwaka 1928 alisafirishwa hadi Bombay, na kampuni iliyomrekodi ilikuwa ya Kiingereza. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alizunguka Afrika Mashariki na mitambo yake mwanzoni mwa miaka ya 1950, Tanganyika na Unguja zikiwemo, na alichokusanya kikawekwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954 huko Afrika Kusini. Wakipsigis wa Kenya aliowarekodi mwaka 1950 walingoja zaidi ya miaka sitini kabla ya maktaba hiyo, kwa kushirikiana na shirika la muziki la Ketebul Music la Nairobi, kuwarudishia nakala za sauti za wazazi wao. Nchi zilizofaidika kwa kampuni za santuri, kwa tasnifu za vyuo vikuu na kwa makumbusho zina deni. Zinapochangia kuokoa kilichobaki zinalipa sehemu ya deni hilo, na anayelipwa deni hana sababu ya kuinamisha kichwa.

Liko pia jambo la mashine. Kanda haisomeki bila rekoda, na karibu viwanda vyote vilivyotengeneza rekoda hizo vilikwisha acha. Vipuri vinaadimika na mafundi wanaozijua wanazeeka. Ndiyo sababu UNESCO na jumuiya ya kimataifa ya kumbukumbu za sauti walitoa tahadhari, katika ripoti ya mwaka 2020, kwamba muda wa kunakili kanda za sumaku duniani unakaribia kwisha, hata kwa taasisi tajiri. Kikundi cha harusi cha Tanga hakiwezi kulibeba tatizo hilo peke yake.

Niwarudie wanaosema mngoje UNESCO. Hapa kuna dhana inayopotosha vikundi vingi. Mkataba wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika ulipitishwa mwaka 2003, na Tanzania ikajiunga mwaka 2011. Kuingizwa kwenye orodha za mkataba huo ni heshima na ni tangazo, lakini hakuleti fedha kwenye akaunti ya kikundi. Mfuko wa msaada upo, tena ombi lisilozidi dola 100,000 za Marekani linaweza kupelekwa wakati wowote, lakini mwombaji ni serikali, na mkataba unaitaka serikali hiyo ichangie gharama kadiri ya uwezo wake. Ninyi mnaweza kuandika ombi, kulisukuma, hata kulipeleka Tume ya Taifa ya UNESCO mkono kwa mkono. Kulituma wenyewe hamwezi. Kwa hiyo hata anayetaka fedha za nje lazima apitie mlango wa serikali yake, na hoja ya mzee wenu kwamba kazi hii ni ya serikali haigongani na hoja ya vijana.

Mfano ninaouthamini zaidi uko Busoga, Uganda. Bigwala ni tarumbeta za vibuyu, tano au zaidi, kila moja ikitoa sauti moja tu, hivyo wimbo hutimia pale wapigaji wanapopokezana bila kukosea. Ulikuwa muziki wa ikulu, wa kutawazwa na wa msiba wa mfalme. Falme za Uganda zilipofutwa mwaka 1967, wapigaji walipoteza aliyewalisha na aliyewaita, na falme ziliporudi mwaka 1993 pengo lilikuwa la zaidi ya miaka ishirini na mitano. Mwaka 2012 bigwala iliingizwa kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na wakati huo wazee waliobobea katika kuzitengeneza na kuzipiga walikuwa wanne tu. Msaada uliotoka kwenye mfuko miaka michache baadaye haukufika dola 25,000. Nataka mwone ulivyotumika: kulima mimung'unye inayotoa vibuyu vya kufaa, kwa kuwa bila kibuyu hakuna tarumbeta, na kuwakalisha vijana mbele ya wazee wajifunze kutengeneza, kupiga na kucheza. Fedha ndogo, kazi yenye mwanzo na mwisho, chini ya watu wanaoujua muziki wenyewe. Mfadhili alipoondoka, vijana walibaki na ujuzi mikononi.

Lakini hofu ya mzee wenu si ya bure. Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, kimefundisha udi, ganuni na fidla kwa vijana wengi wa Zanzibar, na kwa miaka mingi kiliendeshwa zaidi kwa fedha za wafadhili wa nje. Ufadhili huo ulipopungua, mwaka 2019 hofu ya kufunga milango ilitangazwa hadharani. Mishahara ya walimu na kodi ya nyumba havina mwisho, na fedha ya mradi daima ina tarehe ya mwisho. Kwa sababu hiyo msimamo wangu ni huu: fedha za nje zilipie kazi inayoisha, kama kunakili kanda, kununua au kukarabati ala, na kuwalipa wazee kwa muda maalumu wa kufundisha. Kazi isiyoisha, yaani somo la muziki shuleni, hifadhi ya taifa ya sauti na nafasi ya muziki huu redioni, hiyo ni ya serikali, na wananchi wana haki ya kuidai. Na uhai wa kikundi, wa wiki hadi wiki, hauwezi kulipwa na yeyote isipokuwa wanaowaalika na kuwatunza.

Hatari nyingine huonekana baadaye, na kwenu Tanga ni kubwa kuliko Unguja. Mfadhili wa mbali hupenda kinachoonekana cha asili machoni pake. Akiambiwa taarab anategemea kuona udi, ganuni na nai, yaani filimbi. Lakini Tanga ilijipatia jina kwa njia yake: vikundi vyenu, Black Star wakiwa mbele, vilipunguza ala, vikaingiza gitaa la umeme na besi, vikachangamsha midundo, na mtindo huo ukaigwa hadi Mombasa. Mfadhili akiwashauri muache magitaa ili mradi upendeze, atakuwa analipia kufutwa kwa historia yenu kwa jina la kuihifadhi. Siti binti Saad naye alibadilisha mengi: taarab iliyoimbwa kwa Kiarabu kwa ajili ya wakubwa yeye aliiimba kwa Kiswahili, na watu wa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida mjini Unguja, wakajisikia ndani yake. Kila kizazi kimeigusa. Andikeni katika ombi lenu, waziwazi, kwamba mnachohifadhi ni taarab ya Tanga kama ilivyopigwa Tanga.

Kuhusu umiliki, tofautisheni vitu ambavyo watu huvichanganya. Kuimiliki kanda ni jambo moja, kuumiliki wimbo ni jingine. Kwa sheria ya Tanzania ya hakimiliki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki, kwa hiyo nyimbo nyingi katika maboksi hayo huenda bado ni mali ya warithi wa watunzi, ambao si lazima wawe wanachama wenu. Anayenakili sauti kwa mashine yake hapati umiliki wa wimbo kwa kunakili. Anaupata pale tu mnapomwandikia, na mara nyingi vikundi huandika bila kujua, kwa kutia saini fomu ya ukurasa mmoja inayosema mtafiti anaruhusiwa matumizi yote, popote, daima. Msiitie saini fomu ya namna hiyo. Mwekeni mtafiti kwenye maneno finyu: kunakili kwa ajili ya kuhifadhi, kusikilizwa kwa utafiti, na kila matumizi ya biashara au ya kuweka mtandaoni yaombewe idhini mpya ya kikundi na ya warithi.

Sasa, je, kanda ziende Ulaya? Kwa kawaida ningesema hapana. Programu ya kumbukumbu zilizo hatarini inayosimamiwa na Maktaba ya Uingereza ilianza mwaka 2004 kwa msingi kwamba nakala halisi zibaki nchini mwake. Kwa fedha za programu hiyo hazina ya redio ya taifa ya Guinea ilinakiliwa palepale Conakry, kati ya 2008 na 2013, na nyimbo 9,410 zikaokolewa katika kituo ambacho kilikwisha kupigwa mabomu mwaka 1985. Kama redio ya taifa iliweza kuhudumiwa nyumbani kwake, kanda thelathini zinaweza. Mwombeni mtafiti wenu alete rekoda iliyofanyiwa matengenezo na fundi wake, na mpwa wako akae naye toka siku ya kwanza hadi ya mwisho. Hapo bidii yake itakuwa imepata mahali pake. Sitawaficha kwamba zipo kanda ambazo hali yake ni mbaya mno, zilizoota ukungu au kunata kiasi cha kuhitaji kukaushwa kwa joto la kipimo maalumu katika chombo cha maabara. Hizo, na hizo tu, mnaweza kukubali zisafiri, kwa maandishi, kila moja kwa namba yake na tarehe ya kurudi. Asije mtu akawaambia mzikaushe kwenye jiko la nyumbani, kwa kuwa kanda ya asetati ikipashwa joto huharibika moja kwa moja.

Nakala zikishapatikana, gharama ya kuzitunza si kubwa kama watu wanavyodhani. Saa moja ya sauti ya stereo kwa ubora wa kihifadhi huchukua kiasi cha gigabaiti 2, kwa hiyo mkusanyo wenu wote unaingia kwenye diski moja ndogo. Tumieni diski tatu: moja kwenu, moja katika taasisi ya nchini, mathalani Nyaraka za Taifa au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na moja kwa mfadhili. Msikubali nakala ya nje iwe ndiyo pekee. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza, pamoja na uwezo wake wote, ilivamiwa na wahalifu wa mtandao, na huduma zake nyingi, za sauti zikiwemo, zikazimika kwa miezi mingi.

Nimeacha mwishoni jambo linaloniuma zaidi. Kanda itawapa sauti, lakini taarab ni mafumbo. Beti linalozungumzia ua, chungwa au ndege wa mwitu lilikuwa na mlengwa wake ukumbini usiku ule, na waliokuwepo walijua nani kapigwa kijembe na kwa nini. Hilo halimo kwenye unga wa chuma. Limo vichwani mwa wazee wenu wawili, na kwa kulipata hamhitaji mfadhili yeyote. Simu ya mpwa wako, iliyokuwa ikidhuru kanda, inafaa kabisa kwa kazi hii. Wakae chumba kisicho na feni, simu iwe karibu na mdomo wa mzee, waende daftari kwa daftari, wimbo kwa wimbo: nani alitunga, aliimbiwa nani, kiitikio kilipokelewaje, gitaa liliingia wapi. Zile kurasa za hati za Kiarabu zisomwe kwa sauti wakati yuko mtu anayeweza kuzisahihisha. Waulizeni kwanza wazee wenyewe ni yapi wangependa yasitangazwe, na mwaheshimu jibu lao. Kama fedha za mradi zitapatikana, wazee hawa walipwe kama walimu, kwa jina hilo na kwa kiwango kilichoandikwa.

Yapo mambo ambayo ushauri wangu wa maandishi hautoshi. Kanda yenye ukungu mweupe au yenye harufu ya siki isifunguliwe kabla fundi wa kumbukumbu za sauti hajaiona kwa macho, na pumzi zenu mzilinde kwa barakoa mnapoligusa boksi lake. Rasimu ya mkataba msiitie saini siku mnayoletewa. Ipelekeni kwa wakili, au kwa wenzetu wa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, mkiwa na orodha ya watunzi na warithi mnaowajua. Na ikiwa ndani ya kikundi kuna familia mbili zinazodai wimbo mmoja, wakalisheni wenyewe chini, pamoja na mtu mzima wanayemwamini wote, kabla mgeni hajaanza kunakili.

Mtafiti wenu atawauliza kanda zipi zitangulie, kwa kuwa kila saa moja ya kanda hula saa mbili au tatu za fundi na fedha huenda zisifike mwisho wa rafu. Orodha hiyo isitungwe na katibu wala na mgeni. Wapeni wazee wenu wawili picha za maboksi wapange wao, na mzee anayepinga fedha za nje aombwe kukaa katika kamati ndogo itakayousimamia mkataba.